Zamu ya Dada

Nyumba ya wageni, nyuma ya stesheni
9 Juni 1986

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yake, umpe kwa sauti kwenye sikio la kushoto asije akasema nimepita bila kumwamkia. Mguu wake unaendeleaje? Na Mama Pacha wa jirani hajambo? Mwambie kofia aliyonipa bado ninayo, ingawa mbuzi mmoja wa huko milimani alinionjea ukingo.

Mimi ni mzima. Pua imebambuka ngozi mpaka sina hakika hii niliyonayo ndiyo ile niliyoondoka nayo, lakini mzima.

Milima nimeimaliza. Naandika kwa utulivu, ila ujue niliposhuka mteremko wa mwisho niliilaza baiskeli kando ya barabara, nami nikajilaza kando yake, nikacheka peke yangu mpaka mchungaji mmoja akaja kuniuliza kama naumwa. Tangu nitoke mpaka wa mashariki mwezi wa kwanza, nimeivuka nchi karibu yote kwa miguu yangu hii hii mliyokuwa mkiisema. Kilichobaki ni uwanda, tambarare tupu, hadi mpaka wa magharibi. Wenyeji wanasema mtu mwenye mapafu yake anaumaliza kwa wiki moja na kidogo.

Ila nimekwama. Nilikuwa nauona kabisa mnara wa maji wa mji huu, mara nikasikia kitu kinakatika chini yangu kama mfupa. Ekseli ya nyuma. Nikaikokota baiskeli hadi kwenye kibanda cha mabati kinachotazamana na ghala la reli. Ndani kuna magurudumu yananing'inia darini kama nguo zilizoanikwa. Fundi hakunisalimia. Aliinama kwanza, akaiangalia baiskeli, akaipapasa, ndipo akaniangalia mimi.

"Ekseli hii ni ya zamani. Hapa haipatikani. Itakuja na treni."

"Lini?"

"Treni ikija."

Basi nasubiri treni. Mwenye nyumba ya wageni amenipa chumba bure, nami nampakia rangi ubao wake wa mbele, maana ule wa sasa jua limefuta nusu ya maneno na wageni wanadhani pale ni duka la dawa.

Tuliyokubaliana nayakumbuka, dada. Nikigusa mpaka tu, napanda basi narudi nyumbani, nami nashika zamu ya kumtunza Baba. Tangu kiharusi kimpate umemwinua peke yako asubuhi na jioni, na kabla yake ulimuuguza Mama mpaka mwisho. Uliniambia nenda kwanza utoe hamu yako. Naitoa, inakaribia kwisha.

Mdogo wako.


Nyumbani
20 Juni 1986

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika juzi na Baba ameniamuru niisome mara mbili, ya kwanza haraka, ya pili polepole akiwa amefumba macho, kama anaendesha. Mji huo anaujua. Anasema enzi za lori lake aliwahi kulala hapo, stesheni iko upande wa kulia ukitoka milimani, na chai yao ina moshi. Nimeambiwa niandike hivyo hivyo: chai yao ina moshi.

Pia anasema: "Mwambie Kinyonga, ekseli haisubiri treni. Sisi tungefunga kwa waya tukaendelea." Unaona, umevuka nchi nzima na bado hujalikimbia jina lako.

Sisi hatujambo. Mama Pacha amecheka habari ya mbuzi mpaka akashika ukuta. Baba mguu una nafuu, mkono wa kulia ndio bado mgumu. Siku hizi anajifunga vifungo vya shati mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Huanza baada ya chai na kumaliza jua likiwa limeshapanda, na mimi sina ruhusa ya kutazama. Nikitazama huvifungua vyote akaanza upya. Kwa hiyo nakaa na cherehani yangu, mgongo wangu kwake, nashona sare za shule na kusikiliza anavyohema.

Mengine hapa ni yale yale. Nimenunua sanduku, kwani lile la Mama kufuli limekufa. Paa la jikoni limezibwa.

Je, ekseli ikipatikana, unadhani mwezi wa nane utakuwa umerudi? Sikuharakishi. Nauliza tu, nijue namna ya kupanga kazi za watu.

Kula vizuri. Usilale na nguo mbichi.

Dada yako.


Nyumba ya wageni
8 Julai 1986

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya Baba kama kawaida, sikio la kushoto. Nimefurahi kusikia habari za vifungo. Chai ya hapa bado ina moshi, mwambie.

Nisamehe kuchelewa kujibu. Ekseli imefika, ila fundi alipolifungua gurudumu akaona rimu nayo imepinda, na kuendelea nayo hivyo ni kuitafuta ajali. Basi inanyooshwa. Sikujua kama kunyoosha rimu ni kazi ya namna hii. Fundi huliweka gurudumu kwenye pinde mbili za chuma, hulizungusha, halafu hufumba macho na kusogeza ukucha wa kidole gumba karibu na rimu. Pale linapokwaruza ukucha ndipo palipopinda. Hukaza spoki hii, hulegeza ile, kidogo kidogo, halafu huzungusha tena. Mikono yote imejaa grisi mpaka kwenye kiwiko, lakini vidole ni vyepesi kama vya mtu anayesuka nywele. Mara nyingine najikuta nimeketi hapo nikitazama mpaka ghala la reli linafunga milango.

Ubao wa nyumba ya wageni nimeumaliza, na sasa wenye maduka wawili watatu wananitaka. Nimeipakia karakana nayo. Nimeandika BAISKELI kwa buluu yenye ukingo mweupe. Fundi alisimama ng'ambo ya barabara akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Hiyo S yako inataka kuondoka." Nikatazama, nikaona kweli imeinama kuelekea stesheni. Nikaifuta nikaichora upya. Siku iliyofuata nikaambiwa, "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi." Basi nikacheka, na fundi akacheka, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Mchana tunakula pamoja hapo hapo karakanani juu ya kreti. Fundi ana maneno machache ila yote yana maana.

Uwanda unaonekana kutoka hapa, ukipanda darajani juu ya reli. Barabara imenyooka mpaka inapotea. Huwa naenda kuitazama jioni.

Rimu ikikamilika tu nitaondoka.

Mdogo wako.


Nyumbani
21 Julai 1986

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Ngoja nikusimulie kilichotokea hapa.

Nimemsomea Baba barua yako baada ya chakula cha mchana, yuko kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nilipomaliza kichwa chake kilikuwa kimeegemea dirisha. Nikadhani amesinzia, nikaanza kuikunja karatasi.

"Rudia pale pa mikono," akasema.

Nikarudia.

"Rudia pale pa S."

Nikarudia.

"Huyo fundi ni mwanamke."

Nikamwambia, "Baba, fundi wa baiskeli?"

"Nimepita gereji za nchi hii yote," akasema. "Nimetengenezewa lori na mafundi hata siwakumbuki idadi. Hakuna hata mmoja ambaye leo naweza kukueleza mikono yake."

Akafumba macho, akalala kweli.

Nikaketi nikaisoma barua peke yangu. Kweli, kila mahali umeandika fundi, fundi, fundi, kama mtu anayeruka jiwe hadi jiwe asilowe miguu. Nami nilikuwa nimeshamchora kichwani mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, nikawa namwombea afya. Nimecheka sana. Mama Pacha akaja kuuliza kuna nini, nikamwambia hakuna, ni uzi umekatika.

Sikuulizi kitu. Una umri wako, ndevu zako zina mvi, unajua unakokwenda. Ila tafadhali usiniandikie tena habari za rimu.

Shule zinanidai sare kabla ya muhula, kwa hiyo nashona mpaka mabega yanauma. Baadhi ya kazi nimeanza kuzikataa, nyingine nimewapelekea washonaji wa sokoni wamalizie. Nitakuwa na shughuli kidogo miezi inayokuja.

Hukusema lini.

Dada yako.


Nyumba ya wageni
6 Agosti 1986

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiona aibu, lakini aibu nyepesi. Baba amejua kunisoma. Barua hii usimsomee yote, msomee mpaka hapa tu, umwambie tairi zote zina upepo.

Ni mwanamke, ndiyo. Karakana aliachiwa na mjomba wake, akaishika akiwa msichana, na watu wa hapa walipoona baiskeli zao hazirudi kwake mara mbili kwa ugonjwa ule ule, wakaacha kusema. Hajaolewa. Hakuna siri nyingine. Hatujafanya jambo la kukutia aibu. Tunakula, tunaongea, yeye anatengeneza, mimi napaka rangi. Nikiamka asubuhi najua naelekea wapi, na dada, safari nzima hii, pamoja na ramani zangu zote, hiyo ni hali ambayo sikuwa nayo.

Basi naomba jambo. Nimelizungusha siku nyingi, bora niliseme. Nifike mpakani kama nilivyokusudia, halafu, badala ya kupanda basi la kwetu, nirudi hapa kwa muda. Mpaka mwisho wa mwaka tu. Halafu nije nyumbani kabisa. Kama Baba anaendelea vizuri kiasi cha kujifunga vifungo, labda miezi michache si mingi kwako?

Yeye sijamwambia kwamba nyumbani nasubiriwa. Sikupata nafasi nzuri.

Nijibu unavyoona. Utakalosema nitalishika.

Mdogo wako.


Nyumbani
27 Agosti 1986

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi.

Kaa huko mpaka moyo wako utosheke. Hapa hakuna kinachotuharakisha. Baba ni mzima. Mama Pacha anakusalimu.

Msalimie fundi.

Dada yako.


Kituo cha mpaka wa magharibi
19 Septemba 1986

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo Baba, na safari hii mwambie simdai tena sikio, nimeshajua anasikia kuliko sisi sote.

Nimefika mwisho. Lakini acha nianzie nyuma.

Barua yako ile fupi niliipokea asubuhi. Nikaisoma nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikaiweka mfukoni. Siku ya pili yake, tumeketi karakanani tunakula, lori kubwa la saruji likasimama mlangoni likaziba mwanga wote. Akashuka mtu mnene mwenye mvi, anajifuta shingo.

"Nani Kinyonga hapa?"

Nikasema ni mimi. Kumbe ni Utingo. Yule yule aliyekuwa akimfungulia Baba turubai sisi tukiwa wadogo. Ana lori lake na wajukuu, lakini alijitambulisha kwangu kwa jina hilo hilo, maana anajua nyumbani kwetu hana lingine.

"Baba yako amenituma," akasema. "Amenikaririsha maneno mpaka nikajiona nimerudi shule. Nisikilize, nisije nikasahau." Akasimama wima, mikono ubavuni. "Dada yako ameitwa kazini. Hospitali kuu, chumba cha kushonea, awe msimamizi. Waliandika tangu mwezi wa tano. Wanamtaka tarehe mosi Oktoba, isizidi. Alikuwa amefunga sanduku. Barua yako ya mwisho ilipokuja akalifungua, akarudisha nguo kabatini moja moja. Sasa anatafuta maneno ya kuwaandikia kuwa haji. Na amekataza usiambiwe. Baba yako anasema yeye hajakuambia. Nimekuambia mimi."

Akamaliza, akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Mwanga ukarudi ndani. Fundi alikuwa ameweka chini kijiko chake.

"Dada yako yupi?" akaniuliza.

"Huyu ninayemwandikia."

"Kwani wewe ulimwahidi nini?"

Nikamweleza yote. Habari za Mama, za Baba, za zamu. Kila nilipokuwa nikiendelea, maneno yalizidi kuwa madogo. Hakunikatiza. Nilipomaliza akajifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, akaenda kule nyuma kwenye magurudumu yanayoning'inia, akashusha moja. Lilikuwa langu. Akalizungusha mbele yangu. Lilikuwa limenyooka kama mchoro.

"Hili liko tayari tangu mwezi wa saba," akasema.

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Akalifunga gurudumu, akatia mafuta mnyororo, akajaza upepo. Mimi nikaenda kukunja blanketi langu.

Asubuhi nilimwomba anisubiri. Akasema yeye si mtu wa kusubiri, ni mtu wa kufanya kazi. Nikirudi siku moja nikamkuta bado anafanya kazi, vizuri. Nikamwambia basi nitamwandikia. Akasema, "Andika. Lakini mimi najibu kwa mistari mitatu." Halafu akaniambia jambo ambalo sitaki kulipamba, nalileta kama lilivyo: "Kama ungemwacha dada yako kwa ajili yangu, ningekuwa nakutazama kila siku najiuliza utaniacha kwa ajili ya nani." Akaingia ndani. Hakusimama kunipungia mkono.

Uwanda ulikuwa kama walivyosema. Upepo wa usoni kutwa nzima, nguzo za simu, mbuga ya majani makavu, na wewe unakanyaga pedeli na nguzo iliyo mbele haisogei. Nililala kwenye ghala la shule, kwenye zahanati, usiku mwingine chini ya tangi la maji na mbwa wa mlinzi. Nilidhani siku hizo za mwisho ningekuwa nafikiria milima niliyopanda, mito, yote niliyoyapita. Sikufikiria hayo. Nilikuwa nakuona umesimama mbele ya kabati, una gauni mkononi, unalining'iniza tena. Kama ungenitukana kwenye barua ingekuwa nafuu kwangu.

Nimefika jana adhuhuri. Lami inakwisha kwenye bomba la chuma lililowekwa kukinga njia, limepakwa nyekundu na nyeupe, rangi imebanduka kwa sababu aliyeipaka hakusugua kutu kwanza. Askari akatoka kibandani.

"Unavuka?"

"Hapana, nimefika."

"Umefika wapi?"

"Hapa."

Akatazama nyuma yangu, akatazama mbele. "Hapa hakuna kitu."

Nikamwomba niliguse bomba. Akageuka kuangalia kama mkubwa wake yuko karibu. "Gusa haraka," akasema. Nikaweka kiganja. Chuma kilikuwa cha moto. Nikakitoa. Nikageuza baiskeli, nikaenda kuuliza habari za basi.

Basi la leo halina nafasi ya baiskeli juu, kwa hiyo nimempa dereva wake barua hii, mimi nakuja na la keshokutwa. Usiwaandikie hospitali kwamba huji. Kama umeshaandika, waandikie tena leo. Toa nguo kabatini. Nafika kabla ya mwezi kwisha, na hii si ahadi ya ekseli.

Mdogo wako.


Hosteli ya wafanyakazi, Hospitali Kuu
9 Novemba 1986

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa leo mimi ndiye niliye mbali, sijui nani amwamkie nani kwanza. Baba hajambo? Usimkimbize asubuhi. Na ukimsaidia kuingia bafuni, shika kiwiko, usishike kwapa. Ukishika kwapa hukasirika mpaka jioni. Mama Pacha mrudishie sufuria yake ya mfuniko mweupe.

Pale kituoni nilitaka kukuambia mengi na badala yake nikakueleza mahali ilipo pasi. Nilikuona umenielewa.

Chumba cha kushonea kiko chini kabisa, karibu na dobi. Dirisha liko juu, unaona miguu ya watu wakipita. Kuna cherehani zilizopangwa safu mbili na wanawake walionitangulia hapa miaka mingi, wote walikuwa wakimtarajia mwenzao apewe nafasi yangu. Wiki ya kwanza hakuna aliyeniuliza kitu. Tunashona mashuka, foronya, magauni ya wagonjwa, na zile nguo za kijani za chumba cha upasuaji. Wiki ya pili cherehani ya yule mkubwa wao ikawa inaruka mishono. Nikaenda nikainama, nikaona sindano imewekwa kinyume, nikaigeuza, nikarudi mezani kwangu bila kusema. Mchana akaniletea kiti kilicho na mto. Sasa tunaongea.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Niliamka alfajiri kwa mazoea, nikakaa kitandani nikisikiliza. Hakuna aliyeniita. Nikavaa, nikatoka, nikapanda basi la kwanza lililosimama, bila hata kuuliza linakwenda wapi. Nikaenda nalo mpaka mwisho wa njia. Palikuwa na soko dogo na mti wenye benchi. Nikanywa chai, nikatazama watu, nikarudi na basi lile lile. Jioni mwenzangu wa chumba akaniuliza nilikwenda wapi. Nikamwambia sijui. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka kunifuata tu.

Nina miaka arobaini na minne, mdogo wangu. Sikuwahi kwenda mahali nisipopajua.

Fundi ameandika?

Dada yako.


Nyumbani
18 Januari 1987

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Baba anakusalimu. Kiwiko nimejifunza. Cherehani yako nimeifunika shuka, na hakuna anayeweka kikombe juu yake. Vifungo vya shati Baba sasa anavimaliza kabla chai haijapoa, nami huwa najifanya nachanganya rangi.

Fundi aliandika, mara nne, na kweli mistari mitatu. Ya nne ilisema: "Nafunga karakana kwa wiki moja. Nakuja na treni, halafu basi. Usinipokee na maua."

Nilimpokea na mkokoteni, maana alikuja na sanduku la vifaa ambalo watu wawili hawaliinui. Nikamwuliza, mgeni gani anakuja na spana? Akasema hajui kukaa bure.

Baba alimkalisha mbele ya dirisha, akamtazama kwa muda. Mimi niko jikoni, masikio yote yako sebuleni.

"Wewe ndiye uliyezuia gurudumu la mwanangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Tangu mwezi wa saba?"

"Tangu mwezi wa saba."

"Sisi tungefunga kwa waya," Baba akasema.

"Waya ungekatika kabla ya nguzo ya kumi."

Nikashika mlango. Halafu nikamsikia Baba anacheka, kile kicheko chake cha zamani cha kwenye lori ambacho sijakisikia tangu Mama atutoke. Kuanzia hapo sikuhitajika. Waliongea habari za breki mpaka chakula kikapoa. Siku ya pili fundi akakiwekea kiti cha Baba magurudumu mawili madogo ya nyuma, na sasa Baba anajisukuma mwenyewe hadi kibarazani bila kuniita. Mama Pacha alikuja kuazima chumvi mara tatu siku hiyo hiyo.

Sikumwuliza fundi lile swali la kubaki nami. Nilikuwa nalo mdomoni kila siku, nikalimeza. Nilijua jibu langu: mimi siondoki hapa Baba akiwepo, na sikutaka kumwomba mtu aache karakana aliyoshika tangu usichana. Naye hakusema. Siku moja kabla ya kuondoka alichukua kigoda akaenda kuketi kibarazani, akakaa asubuhi nzima akitazama barabara. Nikampelekea chai, akaipokea bila kugeuka. Nikampelekea chakula, akakiweka chini. Mwishowe nikaketi kando yake nikamwuliza kinachomsumbua ni nini.

"Sikiliza," akasema.

Nikasikiliza. Baiskeli zilikuwa zinapita. Za watoto wa shule, za wauza maziwa, moja ya karani wa posta.

"Minyororo ya mji huu yote imekauka," akasema. "Hamna fundi?"

"Kuna mmoja, kule sokoni."

"Huyo si fundi." Akanywa chai yake, sasa imepoa kabisa, akaonja tena kama anahakikisha. "Mpangaji wa banda lile la pembeni, lenye mlango wa mabati, anatoka lini?"

Nikamwambia lile banda halina mpangaji. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anavyofanya gurudumu likiacha kukwaruza ukucha wake.

Baada ya hapo akarudisha macho barabarani, akaendelea kusikiliza, nami nikakaa hapo hapo.

Mdogo wako.